Sega Lenye Mayai

Siku tuliyomaliza msiba wa baba, kaka yangu alirina asali mchana kweupe, kwa mwenge wa majani makavu, ili wageni waliotoka mbali wapate cha kulamba kabla ya kuondoka. Mimi nilikuwa shuleni nikisimamia mtihani wa kufunga muhula. Nilipofika nyumbani, hapo Mbuba, watu walikuwa wameshakula, pombe ya ndizi imewachangamsha, na katikati ya jamvi palikuwa na sinia la masega yaliyovunjwavunjwa. Mengine yalikuwa yakichuruzika asali. Mengine yalikuwa meupe.

Hayo meupe ndiyo niliyoyatazama. Yalikuwa majana, watoto wa nyuki ambao bado ni mabuu, wamelala ndani ya vyumba vyao. Mdogo wake baba alikuwa ameshika kipande, anatafuna, anatema nta pembeni ya jamvi.

"Shikamoo baba mdogo," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Kaa ule. Hili ndilo jasho la baba yako."

Sikukaa. Nilipita nyuma ya nyumba, nikavuka migomba na kahawa mpaka ukingoni mwa shamba, mzinga ulipokuwa juu ya nguzo zake. Mfuniko ulikuwa umerudishwa kombo. Chini palikuwa na majivu, na kwenye majivu nyuki waliokufa, mabawa yameungua. Niliweka sikio kwenye mbao. Walikuwemo. Lakini sauti yao haikuwa ile niliyoizoea, ile ya kuvuma kwa pamoja kama watu wanaosali. Ilikuwa inapanda na kushuka, inakatika, inaanza tena.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia, nikiwa bado na nguo za shule.

Baba alifuga nyuki maisha yake yote. Zamani alitundika magogo juu ya miti kama wenzake, kisha akajifunza kutengeneza mizinga ya viunzi, ile ya sanduku refu lenye vijiti vilivyopangwa juu, na kila kijiti nyuki hujenga sega lake. Alikuwa na ufito mmoja wa kupimia, na kwa ufito huo alikata viunzi vyake vyote, miaka yote, kwa hiyo kiunzi cha mzinga wake wowote kiliingia kwenye mzinga wake mwingine. Alirina jioni, kwa moshi mdogo, akichukua masega ya asali ya pembeni tu. Yale ya katikati, yenye majana, hakuyagusa hata siku moja. Sisi watoto tulipomlilia atukatie, alisema nyumba haivunjwi na watu wakiwa ndani.

Alipozeeka mizinga ilipungua. Moto wa kuchoma mapori uliteketeza baadhi, mingine ilihamwa. Mpaka alipolazwa na ugonjwa wake wa mwisho ulibaki huu mmoja. Aliniita, kaka yangu akiwa amesimama hapo hapo mlangoni, akasema, "Shamba ni la kaka yako, hilo mimi siwezi kulibadili. Nyuki chukua wewe." Kaka alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu.

Kesho yake baada ya wageni kuondoka nilimfuata kaka akiwa ananoa panga.

"Umekata majana yote," nikamwambia.

"Nilikata kilichokuwepo. Ulitaka niwape watu maji ya moto?"

"Malkia huenda umemuua."

"Basi watachagua mwingine." Hakuinua macho. "Nyuki si watu. Hao wakienda watakuja wengine."

"Hawawezi kuchagua mwingine kama hujawaachia mayai."

Hapo ndipo aliponitazama. "Dada, wewe una uchungu wa mengi. Usinimwagie mimi kwa sababu ya wadudu."

Nilisubiri siku chache wapoe, kisha nikaufungua mzinga jioni, nimevaa kofia ya wavu ya baba. Kaka alikuwa ameacha masega machache ya nyuma, yenye asali na chavua. Niliyainua moja moja nikayaelekeza kwenye mwanga. Nilitafuta yai, kale kadogo kama punje iliyosagika ya mchele, kanakosimama chini ya kila chumba pale malkia alipopita. Hapakuwa na yai. Hapakuwa na buu. Vyumba vilikuwa vitupu vinang'aa, na nyuki walivizunguka kama watu wanaoingia na kutoka kwenye nyumba waliyoibiwa.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Nyuki waliofiwa na malkia wanaweza kulea mwingine wenyewe. Huchukua buu changa lililotoka kwenye yai la kawaida, wakalijengea chumba kirefu, wakalilisha chakula cha peke yake, likawa malkia. Lakini lazima yai liwepo. Lisipokuwepo, wanaendelea kutafuta nekta na kulinda mlango kama kawaida, huku wanazeeka na kufa, hakuna anayezaliwa. Mwishoni wengine huanza kutaga wenyewe, na mayai yao hutoa madume tu, wasiofanya kazi yoyote. Kisha nondo wa nta huingia, na mzinga umekwisha.

Kwa hiyo nilihitaji sega moja lenye mayai. Majirani wenye nyuki walikuwa na magogo ya juu mitini, na sega la gogo hulitoi zima, linakatika na kupondeka. Nilihitaji kiunzi kilichopimwa kwa ufito wa baba. Na nilijua vilipo. Nilijua tangu ule usiku wa kwanza, nikajifanya sijui.

Vilikuwa Lusahunga, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu wa zamani.

Nilipoolewa, baba alinipa mizinga miwili kama zawadi ya kuanzia maisha. Familia ya mume wangu ni wafanyabiashara, babu zao walitoka Pwani, wana duka na mgahawa pale njia panda ambapo malori ya Rusumo hupumzika. Walipoona baba ameshusha mizinga kutoka kwenye gari, wifi yangu aliuliza kama kabati linafuata. Aliizungushia mizinga ile kijiuzio nyuma ya uwanja wao, karibu na pori, akaleta makundi ya nyuki kutoka nyumbani, akarudi kwake. Na wale waliocheka ndio waliokuja kuuza asali yake kwa madereva, kwenye chupa za maji.

Kwa ajili ya ndoa hiyo nilibadili dini na jina. Jina nimelirudisha, na kanisani nimerudi. Mume wangu alikuwa wakala wa mizigo forodhani Rusumo, akawa anarudi kila wiki, kisha kila mwezi, kisha nikaambiwa ana nyumba huko na mwanamke ndani yake. Niliposema siwezi, aliniambia basi niende. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike. Wazee walikaa, wangu na wao, wakakubaliana kuhusu mtoto upesi kuliko walivyokubaliana mahari. Alibaki kwa bibi yake Lusahunga, karibu na shule nzuri, wakasema. Kila likizo niliahidiwa atakuja, na kila likizo ilikuwa na sababu yake. Mara ya mwisho kumwona alikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yameanza kuota upya.

Jumamosi nilichukua sanduku dogo la mbao ambalo baba alikuwa akibebea masega, nikalitandika blanketi kuukuu, nikapanda gari la asubuhi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijua nikifika mlangoni na kusema nimekuja kumwona mtoto, mlango utakuwa mgumu. Walishanifanyia hivyo: mtoto yuko madrasa, mtoto amelala, mtoto amekwenda kwa shangazi yake. Ombi la nyuki halikuwa la kumtisha mtu yeyote. Nilijiambia nitaanza na nyuki.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake mbele ya duka, kanga begani, anaangalia malori. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusimama, lakini alijiweka sawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu." Akatazama sanduku. Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu nimeongozana naye. "Poleni na msiba. Tulisikia."

"Tumeshapoa, mama," nikasema, nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Umemfuata mtoto?"

Aliuliza kwa ukali wa mtu aliyeogopa. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimepanga, nilijibu upesi na kwa sauti, ili asikie vizuri, ili atulie.

"Hapana mama. Sikumfuata mtoto. Nimefuata nyuki."

Pazia la mlango lilikuwa limeshainuliwa. Mwanangu alikuwa amesimama pale na birika mkononi, mrefu kuliko nilivyokuwa nikimwota, amevaa ushungi wa buluu. Alikuwa amesikia. Najua amesikia kwa sababu uso wake ulikuwa wazi, kama uso wa mtu aliyekuja mbio, halafu nikauona unafungwa, polepole, mbele yangu.

"Shikamoo," akasema. Vile anavyowasalimia madereva.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekua."

"Sijambo."

Akamimina chai kwenye kikombe cha bibi yake, akaingia ndani.

Nilitaka kuinuka nimfuate. Mama mkwe aliweka kiganja chake juu ya goti langu, si kwa ubaya, akasema, "Nyuki gani unaowataka?" Nikakaa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikaa. Nilidhani nikimaliza la nyuki kwanza nitapata muda wa mengine.

Nilimweleza. Alisikiliza kama mfanyabiashara, macho madogo. Alipoelewa kwamba nataka sega moja tu, tena lisilo na asali, alishangaa, akaanza kutafuta ni wapi ninapomdanganya.

"Lisilo na asali lina faida gani?"

"Lina mayai, mama."

"Haya. Utalichukua. Lakini kabla hujaondoka utanirinia mzinga wa pili. Aliyekuwa akiturinia amehama, na mwanangu akija kutoka Rusumo anaogopa hata kusogea. Madereva wananiulizia asali kila siku."

Nilikubali. Ningekataa kwa lipi? Mizinga ya baba yangu, nyuki wa baba yangu, na mimi naomba ruhusa.

Nilisubiri jua lilegee. Nyuma ya uwanja kijiuzio cha baba kilikuwa kimeoza, na miguu ya mizinga imezungukwa na majani yanayopandisha siafu. Nilifyeka kwanza. Kisha niliwasha samadi kavu kwenye bomba la baba la kufukizia nyuki nikaanza na ule mzinga wa pili alioutaka mama mkwe, nikamtolea asali ya pembeni, ndoo ikajaa. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Hakuna hata chumba kimoja cha majana nilichokigusa, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nilidhani hakuna. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, mbali kidogo, mikono magotini.

"Usisogee zaidi ya hapo," nikamwambia.

"Sisogei. Bibi amesema nikuulize kama utakula."

"Mwambie nitakula nikimaliza."

Hakuondoka. Nilifungua mzinga wa kwanza, ule uliokuwa na nguvu, nikaanza kuinua viunzi. Nyuki walikuwa wengi, wametulia, ule mvumo wa pamoja ukanipanda mikononi. Katikati nililiona sega nililolitaka, bichi, rangi ya maziwa yaliyochujuka, na mayai yamesimama chini ya vyumba, safu kwa safu. Nilimtafuta malkia wao nisije nikambeba. Alikuwa kwenye sega la jirani, tumbo refu, anatembea taratibu, wengine wanampisha.

"Hao wa babu wamefanyaje?" mtoto akauliza.

"Hawana malkia. Hawana mayai ya kulea."

"Sasa ukiwapa haya, hawatajua si ya kwao?"

"Hawajali. Wakipewa wanalea."

Nilikuwa nimeshika sega kwa mikono miwili, nawapukuta nyuki waliobaki kwa unyoya, siwezi kuliweka chini, siwezi kugeuka.

"Mimi nalelewa vizuri," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Nililiweka sega ndani ya sanduku, nikalifunika blanketi, na nilipogeuka ngazi ilikuwa tupu.

Nilikula peke yangu, kwenye meza ya wateja. Niliomba kuagana na mtoto. Mama mkwe aliita mara mbili. Mtoto akajibu kutoka ndani kwamba anakwenda kuswali. Labda kweli alikwenda kuswali. Jua lilikuwa limeshazama, na sega linahitaji joto, likipoa mayai yanakufa. Ningengoja amalize, safari yote ingekuwa bure. Mama mkwe alinitazama nikitazama sanduku.

"Nenda," akasema. "Nitamwambia umemuaga."

Nikaenda. Hilo ndilo nililofanya.

Dereva wa lori la saruji alinipakia hadi njia panda ya kwetu. Nililiweka sanduku mapajani, chini ya kanga, pembeni ya joto la injini, nikalikumbatia. Aliniuliza nimebeba nini kinachobembelezwa hivyo. Nikasema mayai. Akapunguza mwendo kwenye mashimo, maskini, akidhani ni ya kuku.

Nilifika nyumbani nikaingia shambani na tochi, nikafungua mzinga wa baba, nikatenga nafasi katikati ya masega yaliyobaki, nikalishusha sega la Lusahunga. Sikuhitaji moshi mwingi. Walilipanda mara moja. Waliingia vyumbani vichwa kwanza, na ile sauti ya kukatikakatika ikaanza kupungua nikiwa bado nimeshika mfuniko. Watu huniambia nyuki wana mafundisho makubwa kwa binadamu. Mimi nilisimama pale nikiwa nimechoka na nina njaa tena, na nilichofikiri ni kwamba wadudu hawa ningeweza kuwachukia.

Baada ya siku kadhaa nilichungulia. Kwenye ukingo wa chini wa sega walikuwa wamejenga vyumba vya malkia, vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Nilifunga, nikawaacha. Zikaja mvua, nikaogopa kwamba malkia mpya atashindwa kuruka kwenda kupandwa na madume, au ataruka na kuliwa na ndege. Nilikuwa nikitoka shuleni napitia shambani kabla hata ya kuvua viatu. Jioni moja nikaona nyuki wanaingia mlangoni na chavua ya manjano miguuni, wengi, wanagombania njia. Nyuki wasio na watoto hawabebi chavua kwa haraka ile. Nilifungua kesho yake. Mayai yalikuwepo, moja katika kila chumba, yamesimama wima.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu katikati ya kahawa, na kaka yangu alikuwa anapita na ndoo akasimama.

"Vipi?"

"Wamepona," nikasema. "Wana malkia."

Alikuja karibu, akasikiliza mvumo, akatabasamu. Kwa muda mfupi tulikuwa watoto wa baba mmoja. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa Krismasi tutarina tena."

"Hatutarina Krismasi. Wanahitaji msimu mzima kujenga."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nyuki ni wangu. Baba aliniachia na wewe ulikuwepo."

Akaweka ndoo chini. "Baba alikuwa mgonjwa. Mgonjwa anasema mengi. Mzinga ni wa baba, kwa hiyo ni wa nyumba. Na hizo nguzo zimesimama kwenye shamba la nani?"

"Ulitikisa kichwa, kaka."

"Nilikuwa natikisa kichwa kwa mtu anayekufa."

Hakuna neno lililonikata kama hilo, na nilikuwa nimeshasikia mengi kwenye talaka. Wosia wa baba, mbele ya kitanda chake, kwake ulikuwa adabu tu ya chumba cha mgonjwa. Nilimwacha aende na ndoo yake.

Jirani yetu wa bondeni ni mama mjane, wazazi wake walikimbia kutoka Burundi akiwa mgongoni. Analima maharage na mihogo kwenye kipande ambacho watu wa kwetu hawajaacha kukiita cha wakimbizi, ingawa ana uraia na wajukuu. Nilimwendea nikamwomba mahali pa kuweka mzinga mmoja. Nilimweleza pia kwamba kaka yangu hatapenda.

"Reta, mwarimu," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Kaka yako hajawahi kunipenda hata bira nyuki."

Tuliuhamisha jioni, mlango umezibwa kwa majani ya mgomba, mimi na yeye, tukiubeba kwenye machela ya miti kama mgonjwa. Alichomwa vidole na miiba na hakulalamika. Asubuhi nyuki walitoka, wakazunguka, wakapajua.

Kaka alitangaza kwamba nimeiba mali ya marehemu. Alisema kwa baba mdogo, alisema kwa mchungaji, alisema kwenye kikao cha ukoo ambacho mimi sikuitwa. Niliambiwa kwamba ama nirudishe mzinga ama nihame kwenye chumba nilichokuwa nikikaa nyumbani kwa baba. Nilihama. Sasa nimepanga chumba karibu na shule, chenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha. Kanisani tunakaa pande mbili. Mkewe hunisalimia tukikutana kisimani, akitazama kwanza nyuma yake.

Nyuki wanaendelea. Wamegawanyika, nina makundi mawili, na jirani yangu ana la kwake ambalo anaringia kuliko ng'ombe. Asali ni nyingi. Kusema kweli nimeichoka ladha yake, naiuza kwa walimu wenzangu.

Msimu wa kwanza nilituma chupa mbili Lusahunga na kondakta wa basi, moja nimeandika jina la mtoto. Mama mkwe alipiga simu kushukuru. Aliniambia nyuki wake wamehama wote, siafu waliingia. Mzinga mmoja amewapa kuku watagie. Nilimwomba aniitie mtoto.

"Hayupo hapa tena," akasema. "Baba yake amemchukua Rusumo. Yule mkewe kajifungua mapacha, anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani."

"Na shule?"

"Anasoma huko huko."

Alinipa namba. Nilipiga jioni hiyo. Ilipokelewa na mwanamke, sauti ya upole tu, watoto wachanga wakilia nyuma yake, akaita jina la mwanangu na kumwambia kuna simu ya mwalimu. Sijui kama alikosea au ndivyo nilivyohifadhiwa kwenye simu ile.

"Shikamoo," mwanangu akasema.

"Marahaba. Hujambo mama?"

"Sijambo."

"Nataka kuja kukuona. Safari hii nakuja kwako tu, hakuna kingine. Umesikia?"

Nilisikia pacha mmoja akibembelezwa, na nikaelewa kwamba anayembembeleza ni yeye, amembeba begani huku anaongea na mimi.

"Unasoma shule gani huko? Niambie jina nije Ijumaa, nikungoje getini ukitoka."

"Wiki hii siendi shule," akasema. "Wiki ijayo sijui. Ngoja nimlaze huyu kwanza."

Akaiweka simu mahali, haikukatika. Nilimsikia akitembea, akiimba chinichini wimbo ambao sikumfundisha mimi, sauti ikienda mbali na kurudi. Nilingoja mpaka salio langu likaisha.